Goma: Kompyuta ikikataa cheti, anayewekwa hatarini ni mhami wa Mugunga

Kwenye barabara inayotoka Goma kwenda Sake, hema zilizosongamana Mugunga zimeondolewa kwa sehemu kubwa. Mji uliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Siku chache baadaye, mwezi wa pili, wahami wa Bulengo, Lushagala na kambi zingine za upande huo waliambiwa waondoke kwa muda wa masaa 72. Watu walikunja maturubai, wakapakia masufuria, wengine kwenye chukudu, wengine mgongoni, wakarudi upande wa Masisi na kwingineko bila kujua kama nyumba waliyoiacha bado imesimama.

Maturubai yalikunjwa, orodha hazikukunjwa. Jina la mkubwa wa jamaa, idadi ya watoto, kijiji alikotoka, namba ya simu, kwa wengine hata alama za vidole: yote hayo yaliandikwa siku za kugawa chakula, pesa au sabuni, yakaenda kukaa ndani ya hifadhidata, yaani banki ya data, kwenye seva ambayo mara nyingi haiko hata Goma. Mhami anaweza kubadili kambi mara tatu kwa mwaka. Jina lake kwenye seva halihami.

Ndiyo maana jambo linaloonekana kuwa la mafundi peke yao linastahili kusemwa mbele ya watu wote: kinachofanyika ofisini siku ile kompyuta inapokataa kufungua banki ya data na kuandika kwamba cheti cha seva hakiaminiki. Jibu linalokuja haraka linajulikana. Fundi anatafuta mstari mmoja wa kuandika ili kompyuta iache kuuliza. Muunganisho unarudi, shefu anafurahi, ripoti inaondoka kabla ya jioni. Tangu saa hiyo hakuna anayejua tena kompyuta ile inazungumza na nani.

Cheti ni kama kadi kwenye bariere

Kila mkaaji wa Goma amewahi kusimama kwenye bariere akaombwa kadi. Kwa miaka mingi, kwa kukosa kitambulisho cha taifa, kadi ya uchaguzi ndiyo imefanya kazi hiyo nchini Kongo. Anayeitazama anajiuliza mambo machache: Je, jina na sura ni za huyu aliyesimama hapa? Nani aliitoa, na muhuri wake unajulikana? Muda wake haujapita?

Cheti cha seva ni kadi ya namna hiyo hiyo. Kompyuta iliyo Mugunga inapoita seva iliyo Kinshasa, Nairobi au Ulaya, seva inatoa cheti kwanza, kabla ya kupokea namba ya siri au jina lolote. Kompyuta inakagua jina, tarehe, na sahihi ya aliyekitoa. Yote yakiwa sawa, pande mbili zinapatana ufunguo, na kila kinachopita njiani kinafungwa, asiye na ufunguo haoni kitu. Jambo moja likikosekana, kompyuta inasimama na kuandika kosa. Haijaharibika. Imefanya kazi iliyowekewa.

Kuna mafundi wanaojitetea kwamba data inafungwa njiani, kwa hiyo kukagua cheti ni kupita kiasi. Hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Kutia barua ndani ya bahasha ni jambo moja, kujua nani anaifungua ni jambo lingine. Mtu aliyekaa katikati ya njia, kwenye Wi-Fi ya watu wote au kwenye ruta aliyoichezea, anaweza kujifanya seva. Anapatana ufunguo na kompyuta ya ofisi vizuri kabisa, anasoma yote, kisha anayapeleka kwenye seva ya kweli. Ofisini kila kitu kinaonekana sawa. Siri imenong'onwa kwa sauti ya chini kabisa, lakini kwenye sikio la mtu mwingine.

Hii si hadithi ya kutisha watu. Mwaka 2011, wezi waliingia ndani ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa na ruhusa ya kutoa vyeti, wakajitengenezea vyeti vya uongo, kimoja cha Google. Cheti hicho kilitumiwa kuchungulia mawasiliano ya watu, wengi wao wakiwa Iran. Kampuni ilifilisika mwaka huo huo. Pale adui alilazimika kuiba muhuri kabla ya kudanganya. Ofisi iliyozima ukaguzi imemrahisishia kazi, hahitaji tena kuiba chochote.

Programu zenyewe zina sehemu yao ya lawama. Tuchukue PostgreSQL, hifadhidata inayotumiwa sana duniani. Ndani yake ndimo DHIS2 inamohifadhi data, na DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo wizara ya afya ya Kongo inayotumia kukusanya takwimu za vituo vya afya. Programu inayoiita PostgreSQL, ikiachwa jinsi ilivyokuja, iko katika hali iitwayo «prefer»: inajaribu kufunga mawasiliano, na seva ikisema haiwezi, inaendelea wazi wazi bila kunung'unika. Hali ya «require» inalazimisha kufunga, lakini peke yake haiulizi aliye upande wa pili ni nani. Ni «verify-full» tu inayokagua sahihi na jina pamoja. Kwa MySQL, neno lake ni «VERIFY_IDENTITY». Kwa hiyo ofisi ambayo haijawahi kuona kosa la cheti isijisifu haraka. Pengine kompyuta zake hazijawahi kuuliza swali.

Microsoft ilijaribu kurekebisha jambo hilo mwaka 2022. Toleo la 18 la programu yake ya ODBC, inayounganisha kompyuta na hifadhidata ya SQL Server, lilianza kufunga mawasiliano na kukagua cheti bila kuombwa. Miunganisho iliyofanya kazi jana ikakatika baada ya kuweka toleo jipya. Na dawa iliyosambaa kati ya mafundi ikawa kuandika «TrustServerCertificate=yes», maana yake: mwamini yeyote atakayekuja. Ni sawa na kumwambia askari wa bariere aendelee kusimama palepale, ila afumbe macho.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Texas walionyesha mwaka 2012 kwamba programu nyingi zisizo vivinjari, hata zile za kulipia pesa, hazikukagua vyeti jinsi inavyotakiwa. Kivinjari angalau kinamwonyesha mtu onyo jekundu. Programu inayotuma orodha usiku kwenda kwenye seva haina mtu wa kumwonyesha.

Mara nyingi dawa ni rahisi

Kinachouma zaidi ni kwamba katika hali nyingi kosa la cheti lina sababu ya kawaida kabisa, na kulitengeneza kunachukua muda kidogo kuliko kulificha.

La kwanza la kutazama ni saa. Goma umeme unakatika, jenereta inazimwa, kompyuta za zamani zinakaa zimezimwa siku nyingi. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna batri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa wakati hakuna moto. Ikikufa, kompyuta inaamka ikiamini iko miaka mingi nyuma. Kila cheti inachoonyeshwa kinakuwa cha wakati ujao, na inavikataa vyote. Fundi asiyetazama pembe ya skrini atashinda siku nzima akilaumu seva, mtandao na kampuni ya simu. Anayetazama atarudisha tarehe, atanunua batri mpya, basi. Kwa kawaida ile saa moja ya tofauti kati ya Goma na Kinshasa haileti shida. Shida ni miaka.

La pili ni jina. Cheti kimeandikwa jina la seva, lakini mtu aliyeweka programu aliandika namba za anwani yake, pengine kwa sababu siku hiyo jina lilikawia kujibu. Au seva ilihamishwa, ikapewa jina jipya, cheti kikabaki cha zamani. Kompyuta inaona kadi ya mtu mmoja mkononi mwa mwingine, nayo inakataa, kwa haki. Dawa ni kuita seva kwa jina lililo kwenye cheti, au kuomba cheti chenye jina linalotumiwa kweli.

Sahihi ndiyo inayosumbua watu zaidi. Ofisi nyingi hujitengenezea cheti zenyewe kwa ajili ya hifadhidata ya ndani, na si kosa. Lakini kompyuta zingine haziujui muhuri huo mpaka zipelekewe. Inatakiwa faili la mtoa cheti lipelekwe kwenye kila kompyuta na kila tableti, kwa mkono ikiwezekana. Kabla ya kuliweka, fundi wa Goma anampigia simu mwenzake wa kwenye seva, wanasomeana alama ya cheti, ule mfululizo wa herufi na namba, mpaka mwisho. Ni dakika tano za kuchosha. Ni dakika hizo ambazo wengi wanaziruka.

Wakati mwingine cheti ni cha kampuni inayojulikana lakini seva imesahau kutuma cheti cha katikati, kile kinachounganisha sahihi yake na muhuri mkubwa. Hapo kazi ni ya mwenye seva, na fundi wa Mugunga hata akihangaika usiku kucha hataitengeneza kutoka upande wake. Na wakati mwingine kompyuta yenyewe ni nzee: tarehe 30 mwezi wa tisa 2021, muhuri mmoja wa zamani uliotegemewa na vyeti vya bure vya Let's Encrypt ulimaliza muda, na mashine nyingi za zamani duniani zikakataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka. Katika mji ambapo kompyuta iliyozeeka Ulaya inaanza maisha mapya, jambo hilo halitakuwa la mwisho.

Programu ya bure iitwayo openssl inaweza kuita seva na kuonyesha cheti chake: jina, mtoaji, tarehe mbili. Fundi aliyesoma mistari hiyo anajua ni ugonjwa gani kati ya hizo zilizotajwa. Ambaye hakuisoma anabahatisha. Na kama mistari hiyo inaonyesha mtoaji ambaye hakuna mtu ofisini anayemjua, kwenye mtandao ambao asubuhi ulikuwa sawa, basi hapo si suala la kutengeneza tena. Ni kuchomoa waya na kupiga simu.

Hata cheti kilichomaliza muda, kosa la aibu kuliko yote, huwapata wakubwa. Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 2018, wateja zaidi ya milioni 30 wa O2 nchini Uingereza walikosa intaneti kwenye simu kwa sababu cheti ndani ya programu ya Ericsson kilikuwa kimepita muda. Lakini kisa cha Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza habari za madeni ya watu, ndicho kinachofaa kusomwa Goma. Mwaka 2017 wezi walichota kwake habari za watu wapatao milioni 147 kwa wiki nyingi. Mashine iliyowekwa kuchunguza mawasiliano ilikuwa haioni chochote, kwa kuwa cheti chake kilikuwa kimekufa miezi mingi bila mtu kujua. Siku kilipowekwa kipya, wafanyakazi waliona mara moja kitu kisicho cha kawaida.

Foleni iko nje, seva imekataa

Pingamizi la kweli linatoka uwanjani, na halipaswi kudharauliwa. Ni siku ya kugawa. Akina mama wamesimama tangu alfajiri, wengine wametembea kutoka mbali, jua limepanda. Tableti inakataa kuungana kwa sababu ya cheti. Je, mtoto akose unga kwa ajili ya tarehe iliyopita kwenye seva isiyojulikana iko wapi?

Hapana, asikose. Lakini chaguo si kati ya njaa na kuzima ulinzi. Mugunga iligawa chakula kwa karatasi na jetoni miaka mingi kabla tableti hazijafika. Ofisi iliyojipanga inakuja na orodha iliyochapishwa, iliyofungwa ndani ya bahasha, au na nakala iliyofichwa kwa namba ndani ya tableti. Inagawa, inatia alama, na majina yanaingizwa kwenye seva kesho au keshokutwa cheti kikishatengenezwa. Kuchelewa kwa takwimu kunamkera mfadhili. Orodha kuanguka mikononi mwa mtu mbaya kunamfuata mhami mpaka kijijini kwake.

Na Kivu ya Kaskazini si mahali ambapo mtu anahitaji kuelezwa thamani ya orodha yenye jina, kijiji alikotoka mtu na namba ya simu. Kutoka kwenye jina na kijiji, wengine hukisia kabila. Kutoka kwenye kabila, hukisia upande. Mwezi wa saba 1994 karibu wakimbizi milioni moja wa Rwanda waliingia Goma kwa muda mfupi sana, na Mugunga ikawa moja ya kambi kubwa kabisa mpaka ilipotawanywa mwezi wa kumi na moja 1996. Tangu wakati huo, mtaa huu umeona kila namna ya kuandikisha watu, na kila namna ya watu kutafutwa.

Kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana, ambayo Msalaba Mwekundu umeifanya hapa tangu siku hizo, nayo inategemea orodha. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia kwenye seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000 duniani: waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na uhamaji, waliopotea, waliofungwa. Mlango haukuwa cheti. Ulikuwa pengo kwenye programu ambalo kiraka chake hakikuwa kimewekwa. Lakini kisa hicho kinajibu wanaouliza nani atajisumbua na orodha za maskini. Kamati ilisema wazi kilichotokea, na kwa hilo ilifanya vizuri kuliko wengi wanaonyamaza.

Nani alipe hiyo batri

Ingekuwa rahisi kumtupia fundi lawama zote. Haitakuwa haki. Katika miradi mingi mfadhili ananunua tableti, anachapisha alama yake kwenye gilé, anapiga picha, na hakuna mstari hata mmoja wa bajeti kwa ajili ya mtu wa kutunza muunganisho mradi unapoendelea. Fundi ni wa mkataba wa miezi mitatu. Aliyeweka seva yuko nchi nyingine na amekwisha badili kazi. Namba ya siri ya kurudisha cheti upya iko kwenye barua pepe ya mtu aliyeondoka. Shefu hamuulizi fundi umetengenezaje, anauliza imekwisha? Mtu anayeulizwa hivyo kila siku atajifunza kujibu ndiyo.

Kongo ina sheria. Kodi ya kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inagusa ulinzi wa habari za watu binafsi na usalama wa mifumo. Hali ya Goma tangu 2025 inafanya iwe vigumu kusema nani ataisimamia huku. Lakini shirika linaloandikisha alama za vidole za mama wa Mugunga halihitaji kungoja hakimu ili kuandika tarehe kwenye ukuta.

Maana linalotakiwa ni hilo: mtu mmoja mwenye jina, anayejulikana na wote, aliyepewa kazi ya vyeti na saa za kuifanya. Karatasi ukutani yenye kila seva na siku cheti chake kinapokwisha. Katazo lililoandikwa, lenye sahihi ya shefu mwenyewe, kwamba hakuna anayezima ukaguzi bila ruhusa, na ikilazimika, kuna siku ya kuurudisha. Na orodha ya karatasi kwa siku ambayo seva itakataa, kwani itakataa.

Itakataa mara nyingi zaidi, siyo kidogo. Makampuni yanayotoa vyeti na yanayotengeneza vivinjari yalipiga kura mwezi wa nne 2025 kupunguza maisha ya vyeti vya tovuti: siku 200 kuanzia tarehe 15 mwezi wa tatu 2026, siku 100 mwaka 2027, na siku 47 tu kuanzia 2029. Vyeti ambavyo ofisi inajitengenezea kwa ajili ya ndani havilazimishwi, lakini seva nyingi zinatumia vile vya kawaida. Ofisi iliyozoea kuhuisha kwa mkono mara moja kwa mwaka, ikikumbuka, itabidi iache mashine ifanye yenyewe, na iwe na mtu wa kuhakikisha kwamba mashine imefanya.

Kuna orodha moja zaidi ambayo haimo kwenye mjadala wowote: ile ya kambi ambazo hazipo tena. Majina ya waliokuwa Bulengo na Lushagala bado yapo mahali fulani, kwenye seva za miradi iliyofungwa, ambazo hakuna anayeziita na ambazo vyeti vyake vitaisha bila mtu kupata onyo. Mashirika yaliyozikusanya yanajua ni zipi. Zile zisizohitajika tena zifutwe, na zinazobaki zitolewe kwenye mtandao sasa, kabla mtu mwingine hajaanza kuziita.